Kuegesha Gari Mjini kwa Msaada wa Simu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa dereva anayeingia katikati ya mji, iwe Posta na Kariakoo jijini Dar es Salaam au Moi Avenue jijini Nairobi, na anataka kuegesha bila kuzunguka mitaa, bila kukuta gari limefungwa mnyororo, na bila kudaiwa deni asilolijua. Majibu mengi ni ya hapa kwetu. Mengine yanatoka San Francisco (Marekani) na Tallinn (Estonia), miji iliyoyajaribu mambo haya mapema.

Maegesho kwa simu ni kitu gani hasa?

Ni kazi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kulipa ushuru kwa simu. Ya pili ni kuijua nafasi iliyo wazi kabla hujafika. Miji yetu imepiga hatua kubwa kwenye kulipa, kwa sababu M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na siku hizi hata muuza machungwa anapokea malipo kwa simu. Kwenye kutafuta nafasi bado tuko nyuma sana. Ndiyo maana dereva anaweza kulipa kwa sekunde kumi baada ya kuhangaika robo saa nzima kutafuta pa kusimama.

Nasema wazi msimamo wangu ili usome majibu yanayofuata ukiujua: mfumo unaoishia kwenye malipo unamrahisishia kazi anayekusanya fedha. Dereva naye anastahili sehemu yake, na kumpatia inawezekana hata kwa mji usio na fedha nyingi.

Wazo hili lilianzia wapi?

Mita ya kwanza ya maegesho iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935. Wenye maduka walilalamika kwamba wafanyakazi wa maofisini wanaacha magari mbele ya milango yao tangu asubuhi hadi jioni, wateja wanakosa pa kusimama. Sarafu ya senti tano ilikuwa ya kumfanya mtu aondoke, ampishe mwingine. Hilo ndilo lililokuwa lengo la ushuru wa maegesho tangu siku ya kwanza, na ni rahisi kulisahau ukiona ushuru unatajwa kama chanzo cha mapato tu.

Simu iliingia mwaka 2000 huko Estonia. Dereva wa Tallinn alituma ujumbe mfupi wenye namba ya gari na eneo aliloegesha, gharama ikaingia kwenye bili yake ya simu. Kwenye kioo alibandika stika yenye herufi M ili mkaguzi ajue kwamba huyu analipa kwa simu. Simu janja za leo hazikuwepo. Kilichohitajika kilikuwa meseji na orodha ya namba za magari.

Nikiegesha Dar es Salaam, mfumo unafanya kazi vipi?

Mwaka 2021 TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi Julai 2017, uliacha stakabadhi za karatasi na kuanza kukusanya ushuru wa maegesho kielektroniki. Utaratibu wenyewe ni huu: mkusanya ushuru anapita na mashine ya POS, anaingiza namba ya gari lako, na mfumo unatengeneza ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Ankara hiyo inafuata namba ya gari. Wewe unalipa kwa simu, benki au kwa wakala, na fedha inapita kwenye mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulioanza mwaka 2017, moja kwa moja hadi kwenye akaunti ya serikali.

Faida zake ni za kweli. Hakuna tena ugomvi wa chenji. Ni vigumu zaidi kughushi stakabadhi, au fedha kuishia mfukoni mwa mtu. Mtumishi anayetaka kurudishiwa gharama na ofisi yake ana kumbukumbu ya kila malipo.

Kasoro kubwa ni kwamba ankara inaweza kuzaliwa bila wewe kujua. Umeingia benki, umetoka, mkusanya ushuru kashapita na kuandika, upepo umechukua kikaratasi au hakikuwekwa kabisa. Unaondoka ukidhani hukuandikiwa. Siku unapolazimika kuangalia unakuta madeni yamepangana na faini juu yake. Madereva wengi wamekasirishwa na jambo hili, na wana haki. Anayemdai mtu ana wajibu wa kumwambia kwamba anamdai. Kama gari limesajiliwa pamoja na namba ya simu ya mwenyewe, meseji moja ya papo hapo ingetosha.

Mpaka hilo lifanyike kila mahali, jenga mazoea ya kuangalia deni la gari lako mara moja kwa wiki kupitia menyu ya huduma za serikali, *152*00#. Viwango vya ushuru na muda wa kulipa bila faini vimebadilika zaidi ya mara moja, kwa hiyo usitegemee ulichoambiwa na rafiki mwaka juzi. Soma kibao cha eneo ulipo au ankara yenyewe.

Sina simu janja. Nimeachwa nje?

Hapana. Kiswaswadu kinatosha. Menyu za kupiga nyota na reli hazihitaji bando wala programu yoyote, na kwenye simu yoyote yenye huduma ya fedha utakuta sehemu ya malipo ya serikali ambako unaingiza namba ya kumbukumbu. Kama huna salio kwenye simu, mpe wakala namba hiyo akulipie kwa fedha taslimu.

Ninasisitiza hili kwa wanaobuni mifumo mipya pia. Mfumo wa maegesho unaokubali programu ya simu janja peke yake unamfungia nje mzee mwenye pikapu ya mkaa na mama anayeleta mboga sokoni alfajiri. Hao nao wanaegesha.

Nairobi mambo yakoje?

Nairobi ilihamia kwenye malipo ya kielektroniki mapema zaidi, mwaka 2014, kupitia mfumo wa malipo wa JamboPay, na baadaye kaunti ikabadilisha mifumo. Mwaka mmoja kabla, sheria ya fedha ya kaunti ya 2013 ilikuwa imepandisha ushuru wa katikati ya jiji kutoka shilingi 140 hadi 300, na malalamiko yakawa makubwa.

Jambo la kuangalia Nairobi ni namna bei ilivyopangwa. Kwa miaka mingi ushuru wa barabarani katikati ya jiji umekuwa wa siku nzima. Ukilipa saa mbili asubuhi, nafasi ni yako hadi jioni. Aliyekuja kuchukua hati kwa dakika kumi analipa sawa na aliyekuja kazini kwa saa tisa. Matokeo yake, nafasi za mbele ya maduka zinajaa asubuhi na magari ya wafanyakazi na hazifunguki tena. Ni shida ileile ya Oklahoma City ya 1935, sasa inalipiwa kwa simu. Kanjo, yaani askari wa kaunti, anaweza kukagua namba za magari haraka kuliko zamani, lakini mteja wa saa sita mchana bado hana pa kusimama.

Mbona nina simu mkononi lakini bado nazunguka kutafuta nafasi?

Kwa sababu simu haiwezi kukuonyesha nafasi ambayo haipo. Ikiwa mtaa mzima umejaa, programu nzuri kuliko zote itakuambia tu kwamba umejaa. Hapa ndipo mjadala wote ulipo, na jibu lake litakuwa refu kidogo.

Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), aliyefariki Februari 2025, aliutumia muda mwingi wa maisha yake kulichunguza jambo hili ambalo wenzake waliliona dogo. Alikusanya tafiti za miji mbalimbali zilizofanywa kwa miongo kadhaa na kukuta kwamba, katika maeneo yaliyochunguzwa, kwa wastani asilimia 30 hivi ya magari yaliyokuwa barabarani yalikuwa yanatafuta maegesho. Katika eneo dogo la Westwood, jirani na chuo chake jijini Los Angeles, alikadiria kwamba madereva huendesha maili 950,000 kwa mwaka wakitafuta nafasi tu. Kila mmoja anazunguka dakika chache, lakini ni maelfu ya watu kila siku. Foleni inayoitwa ya magari mengi inaweza kuwa, kwa sehemu, foleni ya watu waliokwisha fika na hawana pa kusimama.

Shoup alipendekeza kwamba bei ya kila mtaa iwekwe kwa kiwango kinachoacha nafasi moja hivi kati ya saba ikiwa wazi. Wazo hilo San Francisco wakalijaribu. Kuanzia Aprili 2011, kwa mradi ulioitwa SFpark, jiji liliweka vihisi chini ya lami kwenye nafasi zipatazo 7,000. Kihisi ni kifaa kidogo kinachohisi chuma cha gari lililosimama juu yake. Serikali kuu ya Marekani ilitoa karibu dola milioni 20 kusaidia. Taarifa za nafasi zilizo wazi na bei za kila mtaa zikawekwa kwenye programu ya simu, bure, kwa kila mtu.

Kisha bei zikaanza kusogezwa kidogokidogo. Mtaa unaojaa kupita asilimia 80 ulipandishiwa senti 25 kwa saa. Mtaa usiofika asilimia 60 ulipunguziwa. Hata ndani ya mtaa mmoja asubuhi, mchana na jioni vilikuwa na bei tofauti. Mabadiliko yalitangazwa mapema na hayakufanyika zaidi ya mara moja kwa mwezi, ili dereva asishtukizwe.

Ripoti ya jiji ya 2014 ilionyesha kwamba katika maeneo ya majaribio muda wa kutafuta nafasi ulipungua kwa asilimia 43, wakati maeneo ya kulinganishia yalipungua kwa asilimia 13. Magari yaliyosimama ubavuni mwa mengine na kuziba barabara yalipungua pia. Na wastani wa bei ya mita ulishuka, kutoka dola 2.69 hadi 2.58 kwa saa, kwa sababu mitaa mingi ilikuwa inatozwa kupita thamani yake huku michache ikitozwa chini mno.

Naiona habari hiyo kuwa nzito. Watu walitarajia kwamba mji ukipewa nafasi ya kupanga bei kwa takwimu utapandisha kila mahali.

Simu inajuaje kwamba nafasi iko wazi?

Kuna njia kadhaa, na zinatofautiana sana kwa gharama.

Vihisi vya chini ya lami nimevitaja. Ni sahihi vikiwa vizima, ila betri huisha, maji huingia, na kila ukarabati wa barabara huvichimbua. San Francisco wenyewe walivizima vyao mwishoni mwa 2013. Kwenye majengo ya maegesho hutumika vihisi vya mwangwi juu ya kila nafasi, vile vyenye taa ya kijani na nyekundu. Getini, kamera inayosoma namba za magari inahesabu walioingia na waliotoka. Kwa jengo lenye mlango mmoja hesabu hiyo ni rahisi na ya kuaminika. Barabarani, ambako gari linatokea upande wowote, ni ngumu zaidi.

Njia ya mwisho ni kukisia kwa kutumia taarifa zilizokwisha kusanywa. Google Maps, tangu Januari 2017, ilianza kuonyesha katika miji kadhaa ya Marekani kama kupata maegesho karibu na uendako ni rahisi au ni shida. Hakuna kihisi chochote hapo, ni mwenendo wa simu za watu. Ukiona watu wengi wanafika mahali halafu wanazunguka kabla ya kusimama, unajua kuna tatizo.

Kwa nini madereva tusipashane habari wenyewe, kama tunavyofanya kwenye makundi ya WhatsApp kuhusu foleni?

Limejaribiwa, na lina ugumu wake. Google ilitoa mwaka 2010 programu iliyoitwa Open Spot. Ukiondoka kwenye nafasi unaigusa skrini, na wengine wanaona alama nyekundu kwenye ramani inayofifia kadiri dakika zinavyopita, na baada ya dakika 20 inapotea. Haikudumu. Habari ya foleni ya Mwenge inabaki kuwa kweli kwa saa nzima, habari ya nafasi moja Kariakoo inakufa ndani ya sekunde thelathini. Ili ifanye kazi unahitaji karibu kila dereva wa mtaa huo awe ndani ya mfumo, na anayeondoka hana faida yoyote ya kuwaambia wengine.

Wapo waliojaribu kumpa faida. Mwaka 2014 programu ya MonkeyParking iliwawezesha watu wa San Francisco kunadi nafasi za barabarani walizokuwa wamesimama: anayetoa fedha zaidi anasubiriwa, wengine wanapita. Mwanasheria wa jiji, Dennis Herrera, aliwaandikia Juni mwaka huo akiwataka waache mara moja, kwa kuwa barabara ni ya umma na hakuna mwenye haki ya kuiuza. Naunga mkono uamuzi ule. Yeyote anayebuni kitu cha namna hii hapa kwetu aukumbuke, maana vishawishi ni vilevile.

Kupandisha bei mahali penye watu wengi si kumkomoa mtu wa kipato cha chini?

Swali hili ndilo ninalolipokea kwa uzito kuliko yote, na sina jibu la mkato.

Kwanza tuangalie nani yuko barabarani. Wengi wa wanaoingia Kariakoo asubuhi wamepanda daladala, mwendokasi au bodaboda, au wanatembea. Hao hawaegeshi. Daladala yao inakwama nyuma ya gari linalotambaa likitafuta nafasi, au lililosimama na taa za dharura huku mwenyewe yuko dukani. Ushuru mdogo wa siku nzima unamfaa mwenye gari anayekaa kutwa, na gharama yake inalipwa na abiria wa daladala kwa muda wake.

Lakini kupandisha bei bila kumpa mtu njia nyingine ni adhabu. Kama anakotoka hakuna basi la kuaminika, atakuja na gari hata ukimtoza mara mbili, na atalipa kwa kujinyima kitu kingine nyumbani. Mji unaotaka bei inayobadilika lazima uwe tayari na kushusha, kama San Francisco walivyofanya mitaa mingi. Pia uonyeshe fedha inakwenda wapi. Old Pasadena huko California waliweka mita mwaka 1993 kwa ahadi kwamba mapato yatarudi kwenye mitaa ileile: njia za waenda kwa miguu, taa, usafi. Wenye maduka waliokuwa wanazipinga mita wakakubali. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Msimbazi akiona mtaro mbele ya duka lake umefunikwa kwa fedha ya maegesho, mazungumzo yatakuwa tofauti.

Kuna na watu wenye ulemavu. Hawa wawekewe nafasi zao karibu na milango, kwa alama inayoonekana, na ziheshimiwe. Zaidi ya hapo uangalifu unahitajika: California inawaruhusu wenye kadi maalumu kuegesha bure kwenye mita bila kikomo cha muda, na kadi hizo zimetumiwa vibaya na wasiostahili mpaka wenyewe wenye haki wanakosa nafasi.

Mji wetu hauna dola milioni 20. Tuanzie wapi?

Hapa ndipo penye habari njema. Baada ya kuzima vihisi, San Francisco haikuacha kupanga bei kwa takwimu. Walitumia kumbukumbu za malipo ya mita kukadiria mtaa upi unajaa saa ngapi, na kufikia mwisho wa 2017 bodi ya usafiri ya jiji ikaidhinisha utaratibu huo kwa mita za jiji zima. Vihisi viliwafundisha, kisha malipo peke yake yakatosha.

Sasa tazama tulicho nacho. Kila mkusanya ushuru wa Dar mwenye POS anaandika, kwa kila gari, namba, mahali na saa. Kila siku ya kazi. Kumbukumbu hiyo ikikusanywa kwa miezi michache inasema bila kihisi hata kimoja kwamba mtaa fulani unajaa saa tatu, mwingine una nafasi hadi mchana, na wa tatu karibu na hapo ni mtupu siku nzima kwa sababu hakuna anayeujua. Ramani ya namna hiyo, yenye rangi tatu na saa za siku, inaweza kuwekwa hadharani kesho kutwa. Haitakuwa sahihi kwa kila nafasi. Itakuwa sahihi kiasi cha kumwambia dereva asijisumbue na Mtaa wa Samora saa nne asubuhi, aende moja kwa moja mtaa wa nyuma atembee dakika tano.

Lakini kabla ya ramani kuna rangi ya barabarani. Nafasi isiyochorwa mstari haihesabiki, na mtaa usio na namba hauwezi kuandikwa vizuri kwenye mashine. Ndoo za rangi nyeupe na vibao vyenye namba za maeneo ni teknolojia ya maegesho kama ilivyo programu ya simu. Nimeona mipango ya mifumo mikubwa inayoruka hatua hii, na mkusanya ushuru akaachiwa kubahatisha gari limesimama wapi.

Hatua inayofuata ni kuzifungua taarifa hizo kwa vijana wanaojua kutengeneza programu, namba za magari zikiwa zimeondolewa. Wapo wengi, na wanaijua mitaa.

Vijana wanaoelekeza magari itakuwaje? Simu itawaondoa?

Nani hajaokolewa na kijana aliyepunga mkono mbele ya benki akimwambia "njoo, njoo, kata kulia"? Kazi yao ni kujua nani anakaribia kuondoka, na kwa hilo wanaishinda programu yoyote. Wanalinda vioo vya pembeni na taa visichomolewe. Wapo pia wanaoziba nafasi ya umma kwa ndoo na kudai malipo, hilo halikubaliki.

Ningependa kuona wanaandikishwa, wanapewa vizibao na vitambulisho, na wanalipwa kutokana na ushuru ule ule kwa kazi ya kuelekeza na kulinda. Mashine ya POS haiwezi kumzuia mwizi wa kioo.

Nimelipa, lakini nimekuta gari limefungwa mnyororo au bado nadaiwa. Nifanye nini?

Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya hivi viwili: namba ya gari iliandikwa vibaya, au mtandao ulikuwa unasumbua na malipo hayajafika kwenye mfumo. Herufi O na tarakimu 0, au B na 8, zinachanganywa kila siku.

Usifute meseji ya malipo. Ionyeshe, na mwombe mkaguzi alinganishe namba ya kumbukumbu, namba ya gari na saa. Piga picha ya gari lilivyosimama na ya kibao cha eneo. Ikiwa kosa ni la herufi, omba lirekebishwe kwenye mfumo mbele yako, maana ahadi ya "nitarekebisha ofisini" haina ushahidi. Usilipe mtu mkononi ili akufungulie haraka. Fedha hiyo haitaonekana kwenye kumbukumbu yoyote na deni litabaki palepale. Kama mnakwama, nenda ofisi inayosimamia maegesho na nakala za meseji, na uhakikishe malalamiko yako yamepewa namba.

Nitajikingaje na matapeli?

Mwanzoni mwa 2022, huko Austin, Texas, ziligunduliwa stika za msimbo wa QR zilizobandikwa na matapeli kwenye mashine 29 za kulipia maegesho. Dereva alielekeza simu yake, akafika kwenye ukurasa unaofanana na wa malipo, akaingiza namba za kadi ya benki. Jiji la Austin lilikuwa halitumii QR kwa maegesho hata kidogo.

Kwetu ujanja huja zaidi kwa meseji: "unadaiwa ushuru, lipa leo kwa namba hii". Kanuni ya kushika ni moja. Ushuru wa serikali hauendi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ingiza namba ya kumbukumbu mwenyewe kwenye sehemu ya malipo ya serikali, na soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu, acha hapo. Msimbo wa QR uliobandikwa juu ya stika nyingine usiuguse.

Simu inaonyesha niko mtaa mwingine. Nilipie upi?

Lipia eneo lililoandikwa kwenye kibao, usiiamini ramani. Kwenye uwazi GPS ya simu hukosea kwa mita kama tano, lakini kati ya maghorofa mawimbi hugonga kuta na kosa linakuwa kubwa zaidi, la kutosha kukuhamisha upande wa pili wa barabara.

Taarifa zangu za wapi nimeegesha zinalindwa?

Namba ya gari ikiunganishwa na mahali na saa inaeleza mengi: unafanya kazi wapi, unasali wapi, unakwenda kliniki gani. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022. Zote zinakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumika kwa kazi gani. Itumie. Mfumo wa maegesho unahitaji kujua kwamba gari fulani limelipiwa. Hauhitaji kutunza historia ya mizunguko yako kwa miaka.

Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: katika mifumo inayomruhusu yeyote kuangalia deni kwa kuingiza namba ya gari, mtu anaweza kuona mahali ulipoandikiwa ankara. Wanaosimamia mifumo waonyeshe kiasi cha deni tu, na mahali paonekane kwa mwenye gari aliyethibitishwa kwa simu yake.

Naweza kutumia programu nikiwa naendesha?

Hapana. Angalia kabla hujawasha gari, au mwombe uliyenaye aangalie.

Nimesahau nilipoegesha. Simu inaweza kunisaidia?

Inaweza, ukiikumbuka kabla ya kuondoka. Kwenye Google Maps gusa ile doa ya buluu inayoonyesha ulipo, kisha uhifadhi mahali hapo kama maegesho. Simu za iPhone huweka alama zenyewe pale Bluetooth ya gari inapokatika, ikiwa zimeunganishwa. Ndani ya jengo la ghorofa kadhaa ramani haitakuambia uko ghorofa ya ngapi, kwa hiyo piga picha ya namba iliyoandikwa kwenye nguzo.

Nanunua gari la mkononi. Madeni ya maegesho ya mwenye gari wa zamani yatanihusu?

Yanaweza kukufuata, kwa kuwa ankara imefungwa kwenye namba ya gari na mkaguzi wa barabarani hana njia ya kujua ni lini gari lilibadilisha mikono. Kabla ya kutoa fedha, angalia deni la maegesho na faini za usalama barabarani kwa namba ya gari hilo, muuzaji akiwepo. Deni likionekana, alilipe kwanza au likatwe kwenye bei, na liandikwe kwenye mkataba wa mauziano. Ukiwa muuzaji, hakikisha kadi ya gari imehamishwa jina haraka, kwa sababu hadi hapo kila ankara mpya inaonekana ni yako.